Idiopathic, Neno la Maradhi ya Baba

Daktari wa Msambweni alilitamka mara moja tu, haraka haraka: idiopathic. Mapafu ya baba yanakakamaa, alisema, na maradhi yenyewe ni idiopathic. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kumbe ndiyo kwanza nalisikia.

Garini, baba akisinzia begani mwangu, nililitafuta kwenye simu. Ugonjwa usiojulikana chanzo. Nyumbani Kibuyuni ami zangu walikuwa wakitungoja, na walishasema wazi: daktari akikosa sababu, basi sababu ni shangazi, dada yao wenyewe, mjane anayeishi nasi. Kwetu mzee akishaitwa mchawi, kufukuzwa tu ni bahati yake. Nikazidi kusoma kwa pupa. Asili ya neno ni Kigiriki, lilisema andiko: sehemu moja ni "cha mwenyewe", nyingine "mateso". Hapo nikapata pa kushika.

Tuliwakuta barazani, mkekani. Shangazi alikuwa jikoni, akisikia kila kitu.

"Shikamooni."

"Marahaba. Daktari asemaje?" akauliza ami mkubwa.

"Asema ni maradhi ya mwenyewe. Yamezuka humo humo mwilini, hayakutumwa na mtu. Ndiyo asili ya neno lenyewe."

Binamu yangu, anayefanya kazi hotelini Galu na hujiona Mwingereza kutuzidi sote, akatoa simu. "Wacha asili, sema maana." Akasoma, akawatafsiria: "Chanzo hakijulikani."

Ami mkubwa akashusha pumzi, karibu afurahi. "Si mwasikia? Hata daktari kashindwa." Akainuka, akaelekea jikoni. Nilitamani kuitupa ile simu baharini, na mwenyewe aifuate.

"Kaa, kaka," baba akasema. Akavuta pumzi, tukamngoja. "Kisichojulikana hakijulikani. Hilo si jina la dada yetu."

Ami alisimama pale pale. Baba akaita aletewe maji. Kwetu mtu anayeshukiwa uchawi hapokewi hata tone la maji mkononi mwake, na kila aliyekaa pale alilijua hilo. Shangazi akaja na kikombe. Baba akakipokea, akapiga bismillahi, akanywa kidogo kidogo kwa kuwa pumzi hazikumtosha. Alikunywa chote. Kisha akamrudishia dada yake kikombe.

"Mjazie na kaka," akasema.