Injini ya Amini

Enzi zetu, sisi watoto wa Kibeta, ndege tulizitengeneza kwa magamba ya mgomba, na injini zilikuwa midomo yetu wenyewe. Tulinguruma mpaka mate yakaruka, matoke yakipoa ndani, mama akituita kwa majina ya ubatizo ambayo aliyatumia akikasirika tu. Kwa hiyo siku kaka yangu Festo alipoingia na ndege ya kweli, ya mbao nyepesi, mabawa mapana, nyumba nzima ilinyamaza.

Alipewa na Mzee Sherali, mwenye duka la vipuri mjini, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki Bukoba. Ilikuwa ndege ya kujifunzia, ya kuongozwa kwa redio ya mkononi, mali ya mwanawe Amini. Huyo Amini alizama akipeleka vipuri vya injini za mitumbwi kisiwani Goziba, na hakuonekana tena. Hata kaburi hana. Mama alikuwa akisema Mugasha, mwenye ziwa, akimpenda mtu hamwachii. Kisha anakumbuka kwamba sisi ni Walutheri, anajirudi na kusema tumwombee.

Ndege haikuwa na injini. Tuliporudi dukani, Mzee alituwekea mbili juu ya kaunta. Moja ndogo, mpya, bado imeviringishwa kwenye karatasi yake. Nyingine kubwa, nyeusi kwa moshi, ya Amini.

"Chukua ndogo," alimwambia Festo. "Mwanafunzi anataka injini ya kumvumilia. Hii kubwa itakukimbia kabla hujafikiri."

Alisema kweli tupu, lakini kidole chake kilikuwa kinaisugua ile kubwa. Festo akamtazama usoni. "Mzee, ungependa kuisikia tena?"

Mzee akairudisha ndogo rafuni. Tukaondoka na kubwa.

Jumamosi asubuhi tulipanda naye kilimani, juu ya ziwa. Ukungu ulikuwa mzito, ule wa msimu wa senene, panzi wetu wa kukaanga, unaolowanisha kope. Mzee alikuja na bomba la sindano lenye matone ya mafuta ya kuamshia injini. Akayadondosha, Festo akazungusha pangaboi mara moja tu, ikawaka. Mzee akafumba macho. "Ndiyo yenyewe," alisema.

Festo akairusha. Ikapanda, ikageuka kuelekea ziwani, ikamezwa na ukungu. Alisukuma vijiti vya redio huku na huku, wapi. Tukabaki na mlio peke yake, unazunguka, unazunguka. Majirani waliosikia mvumo ule walitoka mbio na ndoo. "Waitu, senene wako wapi?" mama mmoja aliuliza. Siku nyingine tungecheka mpaka tuumwe mbavu.

Mlio haukuchoka. Ukungu ulianza kupata mwanga, majirani wakarudi makwao wakinung'unika, na bado unazunguka. Festo akauliza polepole, "Mzee, tangi ulilijaza mpaka wapi?"

"Tangi? Si ulijaza wewe?"

Festo akafungua mkoba. Chupa ya mafuta ilikuwa imejaa, kizibo chake hakijafunguliwa. Nilitaka kukimbia nyumbani.

Mzee alisogea ukingoni mwa jabali. "Amini," aliita, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe mezani. "Njoo, baba. Chakula tayari."

Mlio ukaja. Ulikuja mpaka juu ya vichwa vyetu, nyasi zikalala, na hatukuona kitu. Mzee akanyoosha mikono, akapiga hatua moja mbele, na mbele yake hapakuwa na ardhi. Festo akamkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, analia. Nilijua akiita mara ya pili tutampoteza, pengine na Festo pia.

Mzee akashusha mikono. "Basi, mwanangu," alisema. "Nenda."

Mlio ukakatika palepale. Ndege yenyewe haikuonekana, si majini wala nchi kavu.

Siku hizi mwanangu ana kidude chake cha betri, kinapaa kimya kimya. Kikienda mbali hababaiki. Anabonyeza kitufe huku anatafuna chipsi, nacho kinarudi chenyewe mpaka miguuni kwake. Raha iliyoje. Namtazama na namwonea wivu, maana nilimwona baba mmoja akimwita mwanawe, mwana akaitika, na ikambidi yeye mwenyewe amfukuze.