Redio ya Mume Wangu Ndani ya Maranda

Nilianza kazi ya kufungasha glasi na sahani nikiwa bado bibi harusi mpya, katika ghala la shirika moja la umma, nyuma ya soko la Kariakoo. Vyombo vilikuwa vinapelekwa mikoani, kwenye maduka ya ushirika. Tulivizungushia magazeti, tukavilaza kwenye masanduku ya mbao na kuvijazia maranda kutoka kwa maseremala wa Ilala. Kabla ya msumari wa mwisho unalitikisa sanduku, unatega sikio. Likilia, unafungua unaanza upya.

Msimamizi wetu alipostaafu, tukabaki wawili tunaoitaka nafasi yake: mimi, na bwana mmoja hodari wa kuhutubia mikutano ya wafanyakazi. Kuhutubia, jamani, si kufungasha! Nilijua akipata yeye, nitafanya kazi zangu na zake mpaka nizeeke. Niliitaka nafasi ile, sioni haja ya kuficha.

Meneja, mzee wa Kihindi aliyependa sana mashindano, akatupa mtihani.

"Ndugu zangu, kila mmoja afungashe kitu chake mwenyewe, kitu cha kuvunjika. Mchana kuli atayarusha masanduku kutoka juu ya lori."

Mwenzangu akaleta kikombe kilichokatika mkono. Akanitazama, akacheka. "Dada, wewe lete mto, usije ukalia bure."

Weee! Damu ilinichemka. Saa ya chakula nikatoka mbio hadi nyumbani Mchikichini, nikaibeba redio ya mume wangu, naye yuko kazini, hana habari. Ilikuwa redio pekee katika nyumba nzima ya wapangaji. Mume wangu aliifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanawa uso wake mwenyewe.

Nikatoa betri, nikaizungushia magazeti, nikashindilia maranda chini, pembeni na juu. Nikalitikisa sanduku: kimya. Nikapigilia msumari wa mwisho.

Likarushwa la mwenzangu kwanza. Puu! Kikombe kikatoka vipande vitatu. Maranda aliyajaza juu, chini akasahau. Likafuata langu. Nikafumba macho. Kishindo nilichokisikia, nusura nimwite mama yangu. Meneja akalifungua sanduku, akarudisha betri, akawasha. Taarabu ikajaa ghala zima, makuli wakaanza kukata viuno. Nikajipigia kigelegele mwenyewe, maana hakuna aliyenipigia.

"Basi," meneja akasema, "msimamizi mmempata."

Jioni nikamweleza mume wangu yote, bila kuruka hata kidogo. Akaipakata redio, akawa anaipapasa kama mtoto aliyetoka kuanguka. Nilimhurumia, kusema kweli.

"Sasa mke wangu," akaniuliza, "na ingevunjika?"

"Isingevunjika," nikamwambia. "Niliifungasha mimi."