Kompyuta Iliyoijua Ijumaa

Kompyuta ya Shukriya ilikuwa kuukuu, lakini cherehani yake ya kutarizia kofia haikukubali kuongozwa na nyingine. Msimu wa baridi ulipoingia mjini Ibra, ikaanza vituko. Akiiwasha asubuhi inanguruma, inasita, kisha inaandika kwenye kioo cheusi kwamba haioni diski. Adhuhuri inafunguka, kwa kujikokota. Ijumaa ndiyo inafunguka tangu asubuhi, bila ubishi.

Hapo ndipo kichwa kilipomzunguka. Mashine gani hii inayoijua Ijumaa?

Fundi Khalaf aliipeleka dukani kwake, ikafunguka vizuri. Akairudisha nyumbani, ikagoma. Khalaf naye akabaki anajikuna kichwa.

Shukriya akamkumbuka Huwaida, jirani na shoga yake tangu usichana wao Tabora. Siku moja kabla ya vituko kuanza, Huwaida alisimama nyuma yake akiitazama sindano inavyocheza. "Shoga, kwa mashine hii utatajirika peke yako!" alisema, na mashaallah hakuitia.

"Niwie radhi, Huwaida," Shukriya alimwambia juma lile, "chumba hiki usiingie tena. Jicho lako zito."

Huwaida alivaa viatu vyake, akaenda zake, hakurudi. Kahawa ya alasiri Shukriya akawa anainywa peke yake, na ilimshinda kumaliza hata kikombe.

Kisha akaigundua siri ya Ijumaa: ndiyo siku anayoweka chetezo cha makaa chini ya meza, afukize nguo za sala. Udi! Akawa anafukiza kila asubuhi, na kompyuta ikafunguka kila asubuhi. Basi ni jicho kweli. Alifurahi kupata dawa, na palepale roho ikamuuma, maana ilimaanisha shoga yake ana husuda kweli.

Asubuhi moja Khalaf alikuja kuchukua kofia, akaukuta moshi. Akaligusa sanduku la kompyuta kwa kiganja.

"Khalti, wewe unaipasha moto!" akasema. "Diski imechakaa. Ikipata baridi inazunguka kwa uzito, inachelewa kuitika. Na kompyuta haina subira: ikiuliza isijibiwe, inasema diski hakuna. Dukani kwangu kuna joto, ndiyo maana."

"Na adhuhuri?"

"Jua limeshapiga chumba."

Kesho yake Khalaf aliiwasha bila udi. Ikagoma. Akaiacha izunguke kidogo, akaiwasha upya bila kuzima umeme, na ikafunguka. Akanakili michoro yote ya kofia kwenye diski mpya, akamwonya aache kufukiza, moshi unaidhuru mashine.

"Kwa hiyo si jicho?" aliuliza Shukriya.

"Jicho la nani?"

Shukriya aliinuka palepale. Alijitanda buibui, akavuka kwenda kwa Huwaida. Mlangoni akamweleza yote, diski, baridi, makaa, akichanganya huku na huku, na mwisho akaomba msamaha huku analia.

Huwaida akamvuta ndani.

"Tahani amejifungua, mwezi unakwisha," akasema. "Yuko kwake, mji wa Sur. Sijaenda."

"Mwanao wa pekee! Kwa nini?"

"Kitoto kichanga, nitakitazama vipi kwa jicho hili?" Akamshika Shukriya mkono. "Una hakika si langu? Niapie, nikamwone mjukuu wangu."

Siku ya kumtuhumu, Shukriya hakusita hata kidogo. Sasa alifungua kinywa kuapa, ulimi ukamwia mzito.