Uyoga wa Kichuguu

Uyoga tunaoula nyumbani una jina la Kisukuma, na maana yake ni "wa kichuguu", basi. Bibi husema jina lile ni anwani: ukiuokota kwingine, huo si wenyewe, hata ukifanana nao kama pacha.

Mvua zile nilikuwa likizo, darasa la sita, najiona bingwa. Bibi akanituma kichuguuni, ng'ambo ya mashamba ya pamba. Wingu jeusi lilikuwa linanyemelea kutoka upande wa Mwadui, na mimi na kulowa hatupatani. Nikaishia kwenye kisiki kilichooza kando ya lambo. Uyoga ulikuwa umejaa pale, mweupe, mzuri kupita kiasi. Ule wa kichuguu una mzizi mrefu kama mkia wa panya. Huu haukuwa na mkia. Nikakata vikonyo vyote, nikabakiza vichwa.

Macho ya bibi yameingia ukungu, kwa hiyo aliuliza badala ya kutazama.

"Umeutoa wapi, mume wangu?"

"Kichuguuni, mke wangu. Mchwa wanakuamkia shikamoo."

Akacheka, akaupika kwa karanga.

Kwetu aliyeokota ndiye anayeonja kwanza. Bakuli likasogezwa mbele yangu. Nikaanza porojo: mara habari za mwalimu wetu na baiskeli yake, mara mikono sijanawa vizuri. Nzi alitua ukingoni mwa bakuli, akaondoka. Bibi akachoka kungoja. Akasema kama mume anaona haya, mke atamtangulia. Akamega tonge, akachovya, akameza. Akamega la pili.

"Bibi, tema. Si wa kichuguu."

Hakunigombeza. Aliniambia nikaufukie mbali na kuku, akanywa maji ya chumvi mpaka akatapika. Kisha akakaa kigodani, tumbo kalishika, akaniketisha mbele yake. Akaniuliza jina la uyoga tunaoula. Nikalitaja. Akauliza maana yake. Nikaitaja. Akauliza tena, na tena, jasho likimtiririka, kila mara sauti ikizidi kuzama. Mvua ikaanza kupiga paa la nyasi. Sikuwa na mzaha hata mmoja.

Alilala siku tatu bila kula. Ya nne akaomba uji.

Siku hizi uyoga ukiiva naonja mimi, naye hunielekezea yale macho ya ukungu mpaka asikie nimemeza. Ananiita kwa jina langu la shule. "Mume wangu" sijaisikia tena.