Mashine Ilisema "Tumepokea", na Hakuna Kilichopokelewa

Kidole cha fundi kiko juu ya swichi ya ukutani, na bado hajaibonyeza.

Ni Jumatatu asubuhi. Wodi ya wazazi ndiyo kwanza imepigwa deki na sakafu haijakauka. Fundi amepiga magoti chini ya meza ya mapokezi, kichwa kimebanwa kati ya ndoo ya taka na miguu ya kiti cha mkunga mkuu. Mbele yake kuna kiboksi cha plastiki kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia. Kitaa chake cha kijani kinapepesa kwa utulivu, utadhani mtoto aliyeshiba.

"Zima uwashe, mwanangu, watu wanasubiri," mkunga mkuu anamwambia kutoka juu.

Mama wa watu hajifanyi mjuaji. Maneno hayo alifundishwa na fundi mwenyewe, na yamebandikwa ukutani kwa mwandiko wa fundi mwenyewe, juu kidogo ya kalenda: ikigoma, zima, subiri kidogo, washa.

Lakini kuna jambo mkunga alilisema akimfungulia mlango, nalo ndilo linalomzuia fundi. Hakusema simu imegoma. Simu inaita, inapokea, inaongea vizuri tu. Ila tangu Ijumaa haijaleta ujumbe hata mmoja.

"Hata wa kukosea namba," mkunga anasisitiza. "Nikasema labda watu wameacha kuzaa."

Fundi anaondoa kidole kwenye swichi, anakiweka chini ya paja na kukikalia.

Kiboksi hicho ni kompyuta ndogo inayoendeshwa na mfumo wa Linux, na kazi yake ni simu tu. Ndicho kinachounganisha simu ya mapokezi, ya chumba cha kujifungulia na ya dereva wa gari la wagonjwa. Wakunga wakiwa wameshikika wote na hakuna wa kunyanyua simu, kiboksi humwomba aliyepiga aache ujumbe. Akimaliza, humwambia kwa upole, "Asante. Ujumbe wako tumepokea. Tutakupigia."

Sauti hiyo ni ya fundi. Alijirekodi chumbani kwake, amejifunika blanketi gubigubi ili honi za barabarani zisiingie, na alirudia mpaka watoto wake wawili wakaanza kumwigiza wakiosha vyombo. Pale kituoni wanamwita Bi Sauti. Wajawazito wakimsikia akiongea kwenye korido hugeuka kumtazama, kama wamesikia ndugu yao.

Ana miaka arobaini na mmoja. Ufundi aliuanzia kwenye kibanda cha mjomba wake, alikuwa anamshikia tochi wakati mjomba anachomelea waya za redio. Sasa anaangalia viboksi sita vya aina hii, vitano katika vituo vya afya na kimoja kwenye ghala la chakula cha kuku. Anacholipwa na kituo hiki kwa mwezi hakifikii kodi ya chumba chake, na pengo hulizibia kwa kutengeneza chaja, spika na vioo vya simu.

Asubuhi ile alichomeka kompyuta yake ya mapajani na kukiagiza kiboksi kitu kidogo kuliko vyote: kitengeneze faili tupu, lisilo na hata herufi moja ndani yake. Ndivyo anavyoanza siku zote.

"Kabla sijamuuliza mgonjwa anaumwa wapi, namwambia kwanza ameze mate," anasema.

Mgonjwa hakuweza kumeza. Maandishi yakatokea kwamba diski ni ya kusoma tu, hairuhusu kuandikwa. Akafungua kumbukumbu za mfumo, akakuta makosa yamejipanga, moja nyuma ya jingine, yote yakilalamika kwamba diski inashindwa kuandika.

Diski yenyewe ni kadi ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na kadi hizi huchoka. Linux ikiona makosa yamezidi, inaigeuza diski kuwa ya kusoma tu ili kilichomo kisiharibike. Fundi anaifananisha na mwenye ghala aliyeona ukuta una ufa: anafunga mlango, haingizi tena gunia.

"Hapo mfumo haukukosea," anasema. "Aliyekosea ni mimi. Ghala lilifungwa vizuri, lakini mlangoni nikamwacha mtu anayeendelea kuwaambia watu, leteni, leteni, tumepokea."

Siku tatu, kila aliyepiga alisikia sauti yake ikimwahidi kwamba atapigiwa, naye akakata simu na kukaa kungoja.

Halafu akakumbuka kitu kingine. Ili kadi isichoke mapema, yeye mwenyewe alikipangia kiboksi kisiandike kila ujumbe moja kwa moja kwenye diski. Kiushike kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayoishi kwa umeme tu, na kila baada ya saa moja kihamishe wote kwa pamoja, ndipo mkunga aupate. Kuhamisha kulikuwa kumeshindikana. Maana yake ujumbe wote ulikuwa bado unaelea mle ndani, na ungefutika mara tu umeme ukikatika.

Au mtu akizima na kuwasha.

Akainua uso na kumuuliza mkunga, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu aliyekigusa kiboksi mwisho wa wiki. Mkunga mkuu, mwanamke wa karibu miaka sitini ambaye ameshika watoto wa watoto aliowashika, akaeleza kwamba Jumamosi mchana simu ilikuwa inakwaruza, naye akasoma karatasi ya ukutani na kuifuata neno kwa neno. Alizima. Alisubiri. Akawasha. Ikatulia.

"Sasa ule wa kabla ya hapo umekwenda wapi?" akauliza.

"Haujaenda popote, mama. Haupo."

Mkunga akaketi. Wauguzi wawili waliokuwa wanakunja mashuka wakaacha kukunja.

Kilichobaki kilikuwa kile kilichoingia tangu Jumamosi mchana, nacho kilikuwa kinaning'inia kwenye plagi iliyolegea. Soketi ile inajulikana kituo kizima, ukipita na ndoo ukaigusa, inakohoa. Fundi akaomba birika na feni vichomolewe, pasiwe na kitu kingine pale. Akamwita dereva wa gari la wagonjwa aje ashike plagi kwa mkono wake na asipumue kwa nguvu.

Dereva alichuchumaa, akashika. Akasema ameajiriwa kuendesha gari, leo anaendeshwa na waya. Hakuna aliyecheka, naye hakurudia.

Fundi hakuigusa diski. Anasema kishawishi cha kwanza cha fundi yeyote ni kuikagua na kuirekebisha pale pale, lakini ukaguzi wenyewe ungemlazimisha akizime kiboksi. Akapitisha waya wa mtandao kutoka kwenye kiboksi hadi kwenye kompyuta yake na kuanza kuvuta ujumbe mmoja mmoja. Ulikuwa kumi na moja. Wa mwisho ulipoingia aliufungua papo hapo, kuhakikisha unasikika na si jina tupu la faili.

Ndipo wakakaa kusikiliza, mkunga akiwa na kalamu mkononi.

Mmoja aliuliza saa za kuona wagonjwa. Mama mmoja alikuwa anauza mashuka ya hospitali kwa bei poa. Mwanamume mmoja aliisalimu mashine, akasubiri iitikie, akaisalimu tena, na alipoona kimya akasema siku hizi watu hawana adabu, akakata. Wauguzi walijikaza wasicheke.

Ujumbe wa nane ulikuwa wa bibi mwenye sauti nzito, wa Jumapili jioni.

"Mimi ni mama mkwe wake. Mkwe wangu kichwa kinamgonga tangu asubuhi, uso umemvimba, anasema anaona vimulimuli. Miezi bado haijatimia. Tufanyeje?"

Wa tisa ulikuwa wa namba hiyo hiyo, na bibi alikuwa anaongea kwa kunong'ona, kama hataki mtu asikie.

"Mlisema mtatupigia. Bado tunangoja."

Mkunga hakusubiri wa kumi. Alimwambia dereva atoe gari. Dereva akabaki amechuchumaa na plagi mkononi, macho yanamtoka, akauliza waya amwachie nani.

"Achia," fundi akamwambia. "Ninao wote."

Namba ile ilipigwa, na nyumba ikapatikana nyuma ya kiwanda cha matofali. Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi na simu mapajani, imechomekwa kwenye chaja, isije ikazimika wakampigia tena wasimpate. Mkunga alipopima shinikizo la damu la mkwewe alirudia kupima, kwa kuwa asubuhi ile alishaacha kuamini mashine. Kipimo kilikuwa sahihi, shinikizo liko juu sana. Mgonjwa alipelekwa moja kwa moja hospitali kubwa akafanyiwa upasuaji. Mama yu hai. Binti yake, mdogo kama mkate, bado yuko kwenye chumba cha joto, na juzi alianza kunyonya mwenyewe.

"Wangengoja mpaka jioni, leo tungekuwa tunaongea mengine hapa," mkunga anasema.

Ujumbe wa kumi na wa kumi na moja haukuwa wa dharura. Kulibaki wale waliopiga Ijumaa na Jumamosi, kabla kiboksi hakijazimwa. Sauti zao zilikuwa zimepotea, lakini simu ya mezani ya mapokezi ina kumbukumbu yake ndogo inayotunza namba zilizoita bila kupokelewa. Fundi alizipekua, akatoa namba tano. Mkunga akapiga zote. Wanne walikuwa wazima, na mmoja kati yao aliwasema vibaya sana, wakayapokea.

Namba ya tano iliita mpaka ikakata.

Iliita hivyo hivyo kesho yake, na keshokutwa. Mkunga akaanza kuiita "ile namba yako". Kila akija kituoni, kabla ya kuvua viatu, fundi aliipiga. Hakujua ni ya mwanamke au ya mwanamume, mgonjwa au muuza mashuka. Watoto wake walisema siku hizo alikuwa anachemsha maji na kuyasahau jikoni mpaka yanakauka.

Wakati huo huo kazi haikusimama. Kadi iliondolewa, ikawekwa diski imara. Akabadilisha mpango: sasa kiboksi kinaandika ujumbe kwenye diski, kinausoma tena kuhakikisha upo, ndipo kinajibu. Kikishindwa, kinaiita simu ya dereva papo hapo. Karatasi ya ukutani aliibandua kwa kucha. Akazunguka kwenye viboksi vingine vitano, na kwenye ghala la chakula cha kuku akakuta diski imegeuka ya kusoma tu, kitaa cha kijani kinapepesa, na hakuna aliyekuwa na habari.

"Pale zilipotea oda za pumba," anasema. "Lakini niliganda vile vile."

Sauti yake ameitoa kote. Kwa sasa mashine ikimaliza kurekodi inalia mlio mfupi tu, haimwahidi mtu.

Alhamisi iliyopita, katikati ya zamu, namba ya tano ilipokelewa.

Mkunga aliweka sauti ya nje. Mwanamke aliyejibu alipoambiwa ni kituo cha wazazi, akauliza kama ndiyo kwanza wanapiga. Alijifungua Jumamosi ile alfajiri, sakafuni, kwa mikono ya jirani yake anayeshona nguo. Mtoto mzima, wa kiume, kitovu kimeshadondoka. Simu ilianguka katika purukushani zile, kioo kikapasuka, akawa anaiona inaita bila kujua ni nani, na kidole hakipokei. Alhamisi hiyo ndiyo kwanza imekubali.

"Na yule dada yenu wa kwenye simu," akasema, "ana sauti ya kubembeleza, lakini ni mwongo. Nimelala chini, uchungu unanikata, simu iko sikioni, namngoja yeye."

Fundi akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Ni mimi, dada."

Alisikika mtoto akikoroma, na cherehani ikikimbia mahali.

"Ee," mwanamke akasema. "Ndiyo sauti yenyewe."

Fundi alimweleza yote, diski, kumbukumbu ya muda, karatasi ya ukutani, bila kuruka pale alipokosea. Akasema kioo cha simu atambadilishia yeye. Kisha akamuuliza kitu ambacho, anakiri, hakuwahi kumuuliza mpiga simu yeyote tangu aanze kazi hii: pale sakafuni, angependa mashine imwambie nini?

Mwanamke hakufikiri sana.

"Ukweli. Kama hamjanisikia, mseme hamjanisikia, nijue nimuite jirani mapema."

Jumamosi hii fundi atajifunika blanketi lake na kurekodi upya maneno mawili tofauti, moja la ujumbe ukishaandikwa na kuhakikiwa, jingine la ukishindikana. Hayatawekwa kwenye kiboksi chochote kabla mwanamke yule hajayasikiliza. Amekubali kuja na mtoto mgongoni, kwa sharti moja.

"Usibembeleze," alimwambia. "Ongea kama unavyoongea sasa."