Kisu cha Kinyozi wa Kanye

Gaolathe alikuwa kinyozi, na kwa habari ya makali hakuona mtu wa kumfundisha katika mji wote wa Kanye. Alikunyoa ndevu huku anapiga soga na sikio liko redioni, ukatoka bila mkwaruzo. Ndiyo maana aibu ya harusi ya mpwa wake mkubwa ilimkalia kooni namna ile. Fundi wa nyembe, na kilichomwangusha ni kisu!

Kwenye ukoo alioolewa dada yake Segametsi, ng'ombe wa harusi hachunwi hivi hivi tu. Mjomba wa bibi harusi ndiye anayechora mstari wa kwanza kwenye ngozi, kutoka kooni hadi tumboni, na kwa kazi hiyo anapewa kichwa. Wanaume wengine hufuata, kila mmoja na kisu alichotoka nacho kwake. Asiye na kisu huambiwa: shika mguu. Siku ile Gaolathe alikwenda na kisu cha jikoni, mpini wa plastiki ya njano. Kilipogusa ngozi kikapinda. Moagi, mdogo wake mume wa Segametsi, akakinyanyua kwa vidole viwili, wanaume wote wakione.

"Jamani, mjomba katuletea cha kupakia siagi! Haya shemeji, shika mguu."

Akashika mguu, mjomba mzima na koti lake la harusi, huku Moagi akichora mstari usiokuwa wake. Kichwa alipewa, maana desturi ni desturi, lakini nyama ile haikumshuka.

Sasa alikuwa anaolewa Tebatso, mpwa wa mwisho. Baada yake hakuna mwingine. Mstari huu nao ukimponyoka, Gaolathe angezeeka akiwa mjomba wa kushika mguu, na wajukuu wangesimuliwa. Mkewe, Boitshepo, alimshauri anunue kisu kizuri mambo yaishe.

"Nikinunua, Moagi atasema nimeazima," Gaolathe akajibu. "Nitakitengeneza mwenyewe."

"Wewe? Meza uliyoniundia inayumba tangu tuoane."

"Meza haina makali, mke wangu. Mimi nipe kitu chenye makali."

Hakuwahi kufua hata msumari, ila hilo halikumpunguzia usingizi. Alichukua tupa kuukuu ya baba yake, ile ya kunolea majembe, kwa kuwa alisikia chuma cha tupa ni kigumu kweli. Nyuma ya kibanda chake cha kunyolea akachimba shimo, akatia makaa, na kwa kuwa hakuwa na viriba vya kupulizia moto akaleta mashine yake ya kukaushia nywele. Ikapuliza makaa yakawaka mpaka wateja wakatoka nje kutazama, mmoja kichwa kimenyolewa nusu. Tupa ilipoiva nyekundu akaifukia kwenye majivu ipoe polepole, ilainike. Siku zilizofuata, kila mteja akitoka, yeye yuko nyuma na tupa nyingine, anakwangua. Umbo likaja. Akalipasha moto tena mpaka sumaku ikakataa kushika, ndiyo dalili kwamba moto umetosha, akalichovya kwenye mafuta. Chuma kikalia, moshi ukapanda, naye akajipiga kifua.

Hapo ndipo ukinyozi ulipomponza. Alikinoa kama wembe. Makali aliyafanya membamba, yanakata nywele hewani, na alipoona hivyo hakuweza kungoja. Moagi alikuwa kitini siku hiyo, povu limejaa kidevuni, na Gaolathe akaona ndiyo nafasi. Akaweka mfupa wa ng'ombe mezani.

"Tazama, shemeji. Tazama vizuri."

Akapiga. Makali yakamegeka, na kisu kikabaki na meno kama msumeno. Moagi alicheka mpaka povu likaruka kwenye kioo.

"Shemeji, hiki si kisu, ni kitana! Kiweke hapo na vitana vingine."

"Cheka taratibu," Gaolathe akamwambia, wembe ukiwa shingoni pake. "Hapa ulipo si pa kuchekea."

Aliumia, nisikufiche. Lakini Gaolathe akiumia huwa anaongeza sauti tu. Jioni aliwatangazia majirani kwamba kile kilikuwa cha kujifunzia, na hapo hakudanganya. Alikuwa ameelewa makosa yake. Wembe unakutana na ndevu. Kisu kinakutana na ngozi ya ng'ombe, na chini ya ngozi kuna mbavu. Makali lazima yawe na mwili nyuma yake. Halafu chuma kikishatoka kwenye mafuta kinakuwa kigumu na kikavu kama kioo, hakina budi kupashwa moto kidogo tena kipunguze ukali wa roho.

Akasaga meno yale yote yaishe, akarudia moto na mafuta, kisha akakiingiza kwenye jiko la mkewe, jiko la kuokea. Alitakiwa kukitoa kikiwa na rangi ya majani makavu. Lakini pale uani palizuka ubishi wa mpira, na Gaolathe hajawahi kupita kando ya ubishi wa mpira. Aliporudi, makali yalikuwa ya buluu, buluu nzuri kabisa, kama shingo ya njiwa. Akaifurahia rangi hiyo mpaka alipojaribu kisu kwenye ukanda wa ngozi. Makali yakalala. Moto ulikuwa umezidi, chuma kimelainika, kimekufa.

"Buluu ni msiba," akamwambia Boitshepo.

"Msiba ni jiko langu kunuka gereji. Kitoe hicho, nina keki."

Akaanza upya kwa chuma kile kile. Safari hii alikaa mbele ya jiko kama mtu anayesubiri maziwa yachemke, akawafukuza wabishi, akakitoa rangi ilipofika. Segametsi akamletea kipande cha mchi wa marehemu mama yao, ule uliopasuka. Mama alitwanga mtama kwa mchi huo akiwalea wote wawili. Gaolathe akauchonga mpini, na alipouweka kiganjani machozi yakamlenga, akasingizia vumbi la mbao. Ncha akaisaga ikawa mviringo kidogo isitoboe ngozi. Kisu kilikuwa cheusi cheusi, kimepinda kidogo kuelekea kushoto. Alikipenda hivyo hivyo.

Moagi alisikia. Kanye nani asiyesikia? Kisu chake yeye kilikuwa maarufu, cha miaka na miaka, lakini hakutaka kuonekana nacho karibu na kipya. Akakipeleka gereji moja kikasuguliwe kwenye jiwe la kunolea la umeme king'ae.

Asubuhi ya harusi ng'ombe alikuwa amekwisha chinjwa, amelazwa chini, wanaume wakamzunguka, wanawake wakawa wanakoka moto wa masufuria. Moagi akachomoa chake mapema. Kiling'aa, watu wakaguna kwa kukisifu. Gaolathe akakitazama, na kwenye makali, kuanzia ncha hadi katikati, akaona rangi anayoijua. Buluu. Jiwe lilikuwa limekichoma. Akaitunza siri hiyo, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mjomba," Moagi akasema, "leo umekuja na siagi au na kitana?"

Gaolathe akachomoa kisu chake cheusi. Wawili watatu walicheka. Akapiga goti, akashika ngozi ya kooni, akaingiza ncha. Hakusukuma. Kisu kilikwenda chenyewe, kifuani, tumboni, mstari mmoja ulionyooka, na nyama haikuguswa. Kicheko kilikatika. Mzee mmoja akasema, "Ehee!" na haikuhitajika zaidi.

"Endeleeni," Gaolathe akasema, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

Moagi akainama kwenye paja la nyuma, akakata. Kisu kikateleza. Akakandamiza, makali yakajikunja. Akakifuta kwenye suruali, akakinoa upesi upesi, akajaribu tena, na sasa watu walikuwa wanamtazama. Jasho likamtoka. Mwishowe akanyoosha mkono, sauti iko chini.

"Shemeji, hebu nipe hicho mara moja."

Gaolathe alikishika kisu chake, mpini wa mama umemkaa mkononi. Alikuwa ameingoja siku hii tangu ile harusi nyingine, na furaha ilimjaa mpaka masikioni. Hakuwa na haraka. Akakifuta upande mmoja, akakifuta upande wa pili, kisha akaonyesha kwato iliyokuwa inaning'inia hewani bila mtu.

"Shemeji," akasema, wote wasikie, "shika mguu."

Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko, hadi wanawake kwenye masufuria wakauliza kuna nini. Moagi akaweka kisu chake cha buluu chini, akakunja mikono ya shati, akashika.