Walinificha ugonjwa wa mdogo wangu, eti nina presha

Wakuu, nawasalimu. Wale wadogo, marahaba kabla hamjasema. Mimi ni bibi wa Ngara, shule niliishia darasa la tatu, na hapa naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Umri huu sina sababu ya kuwadanganya.

Nataka tuongee hili neno presha.

Zamani nililijua kwenye tairi la baiskeli tu. Likilegea, unasema limepungua presha, unapiga pampu, safari inaendelea. Siku hizi limehamia kwa watu. Mjukuu ana mtihani, ana presha. Timu yake ikifungwa, presha. Mke wa mwanangu akiona wageni na ugali haujaiva, anasema wanampa presha.

Kisha zahanati wakanipima, wakasema ninayo na mimi. Sawa. Dawa nameza, chumvi nimepunguza.

Lakini nyumbani neno likawa kufuli la mdomo wangu. Nikiuliza jambo: "Mama, presha hiyo." Nikimfukuza mbuzi wa jirani: "Bibi, presha."

Jioni moja nachambua maharage uani. Mwanangu na mkewe wakaacha Kihangaza chetu ghafla, wakaingia Kiswahili. Walidhani mimi wa shambani sisikii kitu. Wamesahau nimeuza ndizi Benaco enzi za kambi ya wakimbizi, na wateja wangu walikuwa madereva wa malori kutoka kila upande. Niliwauzia kwa lugha gani?

"Mama mdogo wa Kaniha kazidiwa," mwanangu akasema. "Anamuulizia mama kila siku."

"Usimwambie. Presha itamuua."

Huyo wa Kaniha, kule Biharamulo, ni mdogo wangu wa kunifuata, tumenyonya ziwa moja.

Nikaweka ungo chini. Nikawaambia kwa Kiswahili hicho hicho: "Kesho asubuhi nitafutieni gari la Biharamulo. Likikosekana nitatembea."

Gari lilipatikana.

Kaniha nilimkuta amebaki mifupa na macho.

"Umechelewa wewe," akasema. "Nilidhani umenisusa."

"Walinificha."

"Na mimi walinikataza nisikusumbue. Una presha."

Tulicheka mpaka akakohoa. Nikamnywesha uji wa mtama, akalalamika sukari haitoshi. Nikajua bado ni yeye.

Nilikaa naye mpaka alipokata roho, kichwa chake kwenye paja langu. Nililia kwa sauti, sikujizuia. Baada ya matanga wakanipima, presha imepanda kweli. Wakaniongezea dawa, nikarudi kwenye migomba yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu wa umri wangu ameshazika wazazi, mume, hata watoto. Habari mbaya anazijua sura. Mwambieni, mkae naye, alie. Kama si masikio yangu, mdogo wangu angekufa akiamini nimemsusa, na dawa ya hilo zahanati hawana.

Sasa nyie mnaoficha, nawauliza: mnamlinda mzee, au hamtaki tu kumwona akilia? Nijibuni hapa. Nasoma polepole, ila nasoma.